Al-Jahidh wa Basra: Mwanachuoni Aliyewaandika Mijusi na Nyoka



 Katika kurasa hizi umezoea kuletewa maisha ya masahaba na maulamaa wa fiqhi na hadithi. Leo hebu nikuletee mtu wa namna nyingine kidogo. Lakini kabla sijamtaja, nakuomba kitu kimoja. Usiku ukienda tarawehe, ukisubiri iqama, inua macho utazame ile taa ya ukutani. Pembeni yake utamuona mjusi kafiri, mweupe mweupe, ametulia kimya anangojea mbu na vipepeo wa usiku. Halafu kesho mchana ukiwa uani utamuona mwengine, huyu ana ngozi nyororo yenye kung'aa, anakimbia mbio kwenye majani makavu. Huyo wengine humwita mjusi islamu. Yaani sisi watu wa pwani tumewapa mijusi mpaka dini! Ukicheka cheka, lakini hiyo nayo ni elimu ya kupanga viumbe kwa makundi, na wazee wetu waliifanya bila kupita chuo chochote.

(Najua kuhusu mjusi wa nyumbani kuna hadithi ambazo masheikh wetu husomesha. Hukumu yake waulize wao. Mimi hapa sizungumzii fiqhi.)

Ramadhani moja, baada ya swala ya alasiri, niliwakuta watoto hapa Malindi wamemzunguka kinyonga chini ya muarobaini, kila mmoja na jiwe lake. Nikawauliza amewakosea nini. Mmoja akasema ana sumu. Wa pili akasema akikurukia hatoki mpaka radi ipige. Wa tatu akasema nyanyake ndiye aliyemwambia, basi. Nikawauliza nani kati yao ameshaumwa na kinyonga, au anamjua aliyeumwa. Kimya. Kinyonga hana sumu hata tone. Nikamchukua kwa kijiti nikamrudisha juu ya mti, nao wakanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Hapo ndipo nilipomkumbuka Al-Jahidh.

Jina lake kamili ni Abu Uthman Amr bin Bahr, wa mji wa Basra huko Iraq. Alizaliwa kiasi cha mwaka 160 Hijria, yaani karibu mwaka 776 Miladia. Al-Jahidh ni lakabu tu, maana yake mtu ambaye macho yake yametokeza nje. Hakuwa mzuri wa sura na mwenyewe alilijua hilo, tena alikuwa wa kwanza kulicheka. Alisimulia kuwa siku moja mwanamke alimshika njiani akamuomba amfuate mpaka kwa sonara. Walipofika, yule mwanamke akamuonyesha sonara kwa kidole, akasema kama huyu, akaenda zake. Al-Jahidh akauliza kulikoni. Sonara akamwambia kuwa yule mwanamke alitaka pete yenye sura ya shetani, na yeye sonara alikuwa amemjibu kwamba hajawahi kumuona shetani akajua vipi kumchora!

Kwao walikuwa watu wa chini. Babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia wa kabila la Bani Kinana. Yeye mwenyewe katika ujana wake aliuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan pale Basra. Hebu fikiria, ndugu yangu. Kijana muuza samaki, mweusi, maskini, macho yametokeza. Leo angekuwa pale sokoni na karai lake, nasi tungempita bila hata salamu.

Lakini yule kijana alikuwa na maradhi ya kusoma. Wakati ule karatasi ilikuwa imeshaanza kutengenezwa Baghdad, na maduka ya wauza vitabu yakazidi. Al-Jahidh hakuwa na pesa za kununua vitabu, kwa hiyo alilipa kodi ya usiku. Mwenye duka akifunga, yeye hubaki ndani na taa yake akasoma mpaka alfajiri. Mchana akihudhuria darsa za mabingwa wa lugha kama Al-Asmai na Abu Ubayda, kisha akaenda Mirbad, soko la nje ya mji, kuwasikiliza mabedui waliotoka jangwani. Kwa mabedui ndiko alikojifunza habari nyingi za wanyama.

Mamake alichoka naye. Yasimuliwa kuwa siku moja alidai chakula, mamake akamletea sinia iliyojaa madaftari. Hicho ndicho unachotuletea nyumbani, basi hicho ndicho chakula chako; hiyo ndiyo iliyokuwa maana yake. Akatoka kwenda msikitini amejiinamia. Huko akakutana na mtu tajiri, Muways bin Imran, akamuuliza ana nini, naye akamueleza. Muways akampa dinari 50. Akanunua unga na vitu vya nyumbani, wapagazi wakamfuata nyuma. Mamake alipouliza vimetoka wapi, akamjibu kwamba vimetoka katika yale madaftari aliyomletea kwenye sinia.

Maandishi yake yakamfikia Khalifa Al-Ma'mun, naye akahamia Baghdad akiwa na umri wa kama miaka 40. Khalifa Al-Mutawakkil baadaye alitaka awe mwalimu wa watoto wake, lakini alipomuona uso akampa dirham 10,000 akamrudisha nyumbani! Mlinzi wake mkubwa alikuwa waziri Ibn al-Zayyat, ambaye ndiye aliyetunukiwa Kitab al-Hayawan, Kitabu cha Wanyama, akamlipa dinari 5,000. Kisha siasa zikageuka. Mwaka 233 Hijria (847) waziri yule alikamatwa akafa kwa mateso ndani ya tanuri la misumari alilolitengeneza yeye mwenyewe kuwatesea wengine. Al-Jahidh alikimbia, akashikwa, akaletwa amefungwa minyororo. Alipoulizwa kwa nini alikimbia, akajibu kwa mzaha kwamba aliogopa kuwa wa pili wa wawili ndani ya tanuri. Ulimi wake ulimuokoa, wakamfungua.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Ni mijaladi saba. Ndani yake kuna mashairi, vichekesho, aya, hadithi, maneno ya Aristotle wa Ugiriki, maneno ya mabedui, na kila mnyama uliyemsikia. Mara anazungumza habari za jogoo na mbwa, mara yuko kwa nyoka, mara amekimbilia jambo la mbali kabisa kisha anakuomba radhi. Mwenyewe alieleza kuwa aliandika kitabu hiki akiwa mgonjwa na bila wasaidizi wa kutosha.

Amewagawa viumbe makundi manne. Wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea, na wanaotambaa. Hapo hapo akaona shida ya mgawanyo wake mwenyewe, manake kila anayeruka pia hutembea, na mbuni ni ndege lakini haruki. Nyoka na mijusi aliwaweka pamoja na wadudu kwenye kundi la hasharati. Leo wenye elimu hiyo hawakubaliani naye. Mijusi na nyoka wamewatoa kwa wadudu wakawaweka katika ukoo mmoja, wenye aina zaidi ya 11,000 duniani, na nyoka kwa hakika ametokana na mijusi waliopoteza miguu. Ametukosea basi? Hapo amekosea. Lakini angalia alivyokuwa akifanya kazi.

Aristotle, ambaye yeye humwita bwana wa mantiki, alinukuliwa akisema kuna nyoka wa vichwa viwili. Al-Jahidh akatia shaka. Akamuuliza bedui mmoja, naye akaapa kuwa ni kweli. Al-Jahidh hakumuachia hapo. Akamuuliza anatambaa kuelekea upande gani, na anakula kwa mdomo upi. Bedui akajibu kwamba hatambai bali hugaagaa kama watoto wanavyobiringika mchangani, na kwamba kula, anakula chakula cha mchana kwa mdomo mmoja na cha usiku kwa wa pili, na kuuma anauma kwa yote miwili. Basi Al-Jahidh akajua yuko mbele ya muongo. Na wewe ndugu msomaji, mpaka leo ukichimba shamba huku kwetu Kilifi ukamtoa yule nyoka mdogo wa ardhini, asiye na macho ya kuonekana, mkia wake butu kama kichwa, si utasikia kuwa ana vichwa viwili? Mgeuze umtazame. Upande mmoja tu ndio wenye mdomo. (Nyoka wa vichwa viwili kweli huzaliwa mara chache sana, kama pacha walioshikana, lakini huyo ni kilema, si aina ya nyoka.)

Mfano mwengine. Watu walisema nyoka huikimbia harufu ya majani ya sadhab. Al-Jahidh alichukua majani yale akamrundikia nyoka kichwani na puani, na hakuona chochote katika hayo yanayosemwa. Miaka zaidi ya 1,100 imepita, na sisi bado twamwaga mafuta ya taa na kusaga kitunguu saumu mlangoni. Nani amejaribu?

Mjusi aliyemuandika kwa mapenzi makubwa ni dhabb, yule mjusi mnene wa jangwani mwenye mkia wa miiba, anayeishi shimoni kama guruguru wetu. Ndiye yule ambaye katika hadithi sahihi nyama yake iliwekwa mbele ya Mtume (S.A.W.), yeye hakuila kwa kuwa haikuwa chakula cha kwao, lakini hakuikataza, na Khalid bin Walid (R.A.) akaila mbele yake. Mabedui walisema dhabb hanywi maji, na kwamba huchimba shimo lake karibu na jiwe au kilima ili asipotee akirudi, kwa vile ni msahaulifu. Vilevile walisema huweka nge mlangoni mwa shimo wamuume mwindaji. Al-Jahidh amekusanya yote. La maji lina ukweli mkubwa, kwani leo yajulikana kuwa dhabb hupata maji yake mengi kutoka kwenye majani anayokula.

Kuhusu kenge alieleza kuwa hachimbi shimo lake mwenyewe bali huwavamia wengine akawanyang'anya, na kuwa ni mkali hata kwa nyoka. Mwenye kuku hapa Gede atakwambia tabia ya kenge haijabadilika! Kuhusu kinyonga ameandika anavyoligeukia jua na kugeuka nalo, na rangi yake inavyobadilika. Siku hizi, tangu utafiti wa mwaka 2015, twajua kuwa ndani ya ngozi ya kinyonga mna fuwele ndogo mno, naye huzisogeza zikaribiane au ziachane, na mwangaza unaorudi hubadilika rangi. Hufanya hivyo akiwa na hasira, akitaka kuoa, au akitafuta joto. Yule wa chini ya muarobaini alikuwa amekuwa mweusi kwa hofu ya mawe.

Tena aliona jinsi viumbe walivyofungamana kwa riziki. Panya hutoka kuwawinda walio wadogo kuliko yeye, nyoka humngojea panya, na nyoka naye ana anayemuogopa. Mbu mwenyewe hutafuta damu, na nzi humtafuta mbu. Hakuna anayekula asiyeliwa. Ukimuondoa mjusi kwenye taa ya msikiti, ndugu yangu, mbu watakusalia mgongoni rakaa zote.

Na hapa pana jambo ambalo lazima tuliseme wazi. Kwenye simu zetu huzunguka ujumbe kwamba Al-Jahidh aligundua nadharia ya Darwin miaka elfu moja kabla ya Darwin, Wazungu wakaiba. Hata mimi niliwahi kuusambaza, nikiona fahari. Ukweli si huo. Aliandika kuhusu wanyama kuwindana, na aliandika kuhusu nchi kuwabadilisha walio ndani yake. Alitoa mfano wa Harra ya Bani Sulaym huko Uarabuni, nchi ya mawe meusi ya volkano, akasema kila kilichoko pale ni cheusi: watu, farasi, mbuni, mbwa mwitu na ndege. Ni fikra kubwa kwa zama zake. Lakini hakusema kuwa aina moja ya mnyama hutokana na nyengine kidogo kidogo kwa vizazi visivyohesabika, walio dhaifu wakifa na wenye kufaa wakizaa. Hiyo ni kazi ya Darwin, kitabu chake kilitoka mwaka 1859. Nia ya Al-Jahidh ilikuwa kuonyesha hekima ya Muumba hata katika bawa la mbu. Tusimvishe kanzu isiyo yake; ile yake inamtosha na kuzidi.

Ukitaka kuuona mfano wake wa Harra hapa hapa kwetu, maji yakikupwa nenda kwenye majabali ya matumbawe, yale meusi yenye ncha kama wembe. Tulia dakika kumi. Kuna kajusi kadogo, keusi na madoa ya rangi ya shaba, kanakimbia juu ya jabali na kushuka mpaka mahali palipolowa maji ya bahari, kutafuta wadudu na vijidudu vya pwani. Juu ya mawe yale ni tabu kumuona. Jamaa zake wako visiwa vya Bahari ya Hindi, Pasifiki mpaka Australia, na wataalamu wanaona kuwa wazee wake walifika huku wakielea juu ya magogo na takataka za baharini. Msafiri wa mawimbi, kama mababu zetu wengine.

Al-Jahidh alituandika na sisi. Ana risala maarufu ya kuwatetea watu weusi na fahari yao. Humo ameutaja mwambao wa Zanj, akataja Qanbalu na Lunjuya. Lunjuya ni Unguja, na Qanbalu wataalamu wengi wanaona ni Pemba. Aliwaambia watu wa Basra kwamba wao wamewaona mateka tu waliochukuliwa kutoka nchi hizo, hawajawaona waungwana wake wala wenye akili zake, basi wasiwahukumu watu kwa wale waliowatia minyororo. Ni ile ile kazi aliyomfanyia nyoka wa vichwa viwili. Umeona, au umesikia?

Katika itikadi alikuwa Muutazila, na wanachuoni wetu wa Ahlu Sunna wamemkosoa vikali kwa hilo. Sikufichi. Chukua elimu yake ya wanyama na lugha, mambo ya itikadi muulize sheikh wako.

Na usidhani kazi hiyo imekwisha. Pale Watamu palikuwa na mzee mmoja, James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken mwaka 1980 pamoja na mkewe. Tangu miaka ya 1960 alikuwa akisema kwamba yule swila mkubwa wa rangi ya kahawia wa mwambao wetu, atemaye sumu machoni, si sawa na swila mweusi. Wengi walimchukulia kuwa ni mmoja tu. Ashe alifariki mwaka 2004. Mwaka 2007 wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walilinganisha nasaba za nyoka hao wakathibitisha kuwa ni aina mbalimbali, wakampa swila wetu jina la Naja ashei kwa heshima yake. Nyoka anayefika mita 2.7, anayeishi mlangoni petu, alikuwa hana jina lake mpaka juzi juzi! Huyo usimguse na wala usimjaribu kwa sadhab. Akikutemea machoni, osha kwa maji mengi na ukimbilie hospitali.

Al-Jahidh alirudi Basra uzeeni. Upande mmoja wa mwili ulipooza, na wa pili ukawa na maumivu makali. Alieleza hali yake kwamba upande mmoja ungekatwa kwa mkasi asingehisi, na upande wa pili hata nzi akipita juu yake ni maumivu. Akaendelea kusoma na kuandika, na vitabu na risala zake zapata kama 200. Alifariki Muharram mwaka 255 Hijria, karibu na mwanzo wa mwaka 869, akiwa amepita miaka 90. Miezi michache baadaye, katika Ramadhani ya mwaka huo huo, watumwa weusi waliokuwa wakichimba ardhi ya chumvi nje ya Basra waliasi, na vita vile vya Zanj vikadumu mpaka mwaka 883. Wale ambao watu wa Basra hawakutaka kuwatazama vizuri waliuingia mji wao mwaka 871.

Utasikia ikisemwa kuwa Al-Jahidh alikufa kwa kuangukiwa na vitabu vyake. Ni kisa kitamu, na nami nimekihadithia mara nyingi darasani. Lakini kimekuja kuandikwa muda mrefu baada yake, na habari za mwanzo zinataja maradhi tu. Mwenyewe angekuuliza ni vitabu vingapi, vilikuwa rafu gani, na nani alikuwemo chumbani.